Mwekezaji anataka hisa, anauliza "impakti yenu ni nini" na sisi tunahesabu vifaa tulivyouza. Naombeni shule

Sikivu_01 (mwanzisha mada)

Habari zenu wakuu, poleni na majukumu. Naombeni mnipe shule kidogo maana nimebanwa, jibu linatakiwa ndani ya wiki 2.

Mimi na wenzangu wawili tuna kampuni ndogo, tunakusanya vifaa vya kusikia vilivyotumika, vile vya kuvaa nyuma ya sikio, tunavikarabati, tunavipima upya halafu tunauza kwa bei ya chini kabisa kwa familia zenye watoto wasiosikia vizuri. Wenye uwezo tunawauzia vipya kwa bei ya kawaida na faida ya pale ndo inawabeba wale wengine. Tulianza na ruzuku ya mfadhili mmoja, ruzuku ikaisha, tukajikuta tumesimama wenyewe, kwa shida lakini tumesimama, mishahara inalipwa na huu mwaka wa pili hatujaomba msaada kwa mtu.

Sasa kuna mfuko umetufuata, wanajiita wawekezaji wa impakti. Wanataka hisa, tena sio chache, na kwenye karatasi ya masharti waliyotutumia kuna maneno nimeyasoma mara tatu na bado hayajakaa kichwani: nadharia ya mabadiliko, mtaji wenye subira, mchango wa ziada, njia ya kutoka. Kwenye simu yule dada wa mfuko akaniuliza impakti yenu ni nini, nikamtajia kwa kujiamini kabisa idadi ya vifaa tulivyotoa tangu tuanze, akanyamaza kidogo akasema hiyo ni kazi mliyofanya, mimi nauliza kimebadilika nini. Nilikosa jibu wakuu, na lile swali halijanitoka mpaka leo.

Kwa hiyo naomba kueleweshwa, hawa watu wana tofauti gani na mwekezaji wa kawaida, sisi tunahesabika biashara ya kijamii au ni kampuni tu yenye moyo mzuri, na zaidi ya yote tukichukua pesa yao nani atawalinda wale watoto wa bei ya chini siku mtu akisema hawaleti faida?

---

Hesabu_Safi

Mkuu hongera, kusimama miaka miwili bila ruzuku sio kitu kidogo, wengi wanaanguka palepale mfadhili anapoondoka.

Nianze na jina maana ndo penye mkanganyiko. Hili neno uwekezaji wa impakti ni la juzijuzi tu, lilianza 2007 kwenye mkutano ulioitishwa na Rockefeller Foundation kule Bellagio, Italia, halafu 2009 ukaanzishwa GIIN, mtandao wa kimataifa wa wawekezaji wa aina hii, ambao ndo umeweka maana inayotumiwa na wengi: pesa inayowekezwa kwa nia ya kuleta mabadiliko mazuri kwa jamii au mazingira, mabadiliko yanayopimika, pamoja na faida ya kifedha. Nia, kipimo, faida. Nia ikikosekana basi hata kiwanda cha saruji kinaweza kusema kimewajengea watu nyumba. Kipimo kikikosekana imebaki hadithi. Faida ikikosekana hiyo ni ruzuku na haina ubaya wowote, ila iitwe kwa jina lake.

Nyinyi ni biashara ya kijamii, sioni shaka hapo, mnauza na mnaishi kwa mnachouza na sababu ya kuuza ni yule mtoto. Ila ujue watu hawakubaliani mpaka uko wapi. Muhammad Yunus wa Grameen Bank, ile benki ya mikopo midogo ya Bangladesh, ana msimamo mkali: mwekezaji anarudishiwa alichoweka basi, hakuna gawio, faida yote inabaki ndani kuendeleza kazi. Wengine wanaruhusu gawio lenye kikomo. Uingereza tangu 2005 wana aina ya kampuni inaitwa kampuni ya maslahi ya jamii, sheria inafunga mali zake zisije kuishia mifukoni mwa watu binafsi, na ikiwa na wanahisa gawio lina kikomo cha asilimia 35 ya faida inayoweza kugawiwa. Kwa hiyo mwekezaji akisema "sisi tunapenda biashara za kijamii" muulize anamaanisha ipi kati ya hizo.

Sasa mtaji wenye subira, yaani pesa inayokubali kusubiri miaka mingi bila kudai faida ya haraka, na hapa naomba usome taratibu. Mifuko mingi ya hisa ina maisha ya kama miaka 10, miaka ya mwanzo wanawekeza, ya mwisho wanauza hisa zao ili wawarudishie wenye pesa, na huko kuuza ndo wanakokuita njia ya kutoka. Kama mfuko wenu uko mwaka wa 6 tayari, subira itatoka wapi? Hata afisa wake awe na moyo wa dhahabu kalenda inambana. Acumen, mfuko wa Jacqueline Novogratz ulioanza 2001, iliweza kuongelea subira kwa sababu ilikuwa inawekeza pesa za michango, mchangiaji haji kugonga mlango kudai kurudishiwa. Kwa hiyo swali lako la kwanza kwao liwe: mfuko wenu ulianza lini, unafungwa lini, na pesa ya ndani ni ya nani.

La pili, mbona hisa? Mnahitaji pesa kununua nini? Kama ni mashine ya kupimia na akiba ya vipuri, hebu waombe mkopo unaolipwa kwa sehemu ya mauzo, yaani mnakubaliana asilimia fulani ya mauzo ya kila mwezi mpaka ifike, tuseme, mara moja na nusu ya walichotoa, halafu mnaachana kwa amani na kampuni inabaki yenu yote. Mwezi mbaya mnalipa kidogo, mwezi mzuri mnalipa zaidi. Hisa ukishaiuza umeiuza, kuirudisha ni kuinunua kwa bei mpya, na kama mmefanya vizuri hiyo bei itakuumiza.

---

binti_takwimu

Hesabu_Safi amemaliza upande wa pesa, mimi nikae kwenye lile swali la simu kwa sababu kazi yangu ni hiyo, nazunguka kupima miradi.

Yule dada alikuuliza vizuri. Kuna mnyororo hapa: mlichoweka (pesa, fundi, muda), mlichofanya (kukarabati, kupima masikio), mlichotoa (vifaa kadhaa), halafu ndo kuna kilichobadilika kwa mtu. Nadharia ya mabadiliko ni kuuandika huo mnyororo wazi na kwenye kila kiungo ukaandika tunaamini hiki kitaleta kile KWA SABABU gani. Ni kazi ya jioni moja wala usilipe mshauri. Na faida yake utaiona mkishaandika, kiungo dhaifu kinajitokeza chenyewe, unajikuta umeandika "mtoto amepata kifaa, kwa hiyo anafanya vizuri darasani" halafu unashtuka hapo katikati kuna mambo manne hujayasema.

Wawekezaji wengi sasa wanatumia maswali matano, yanaanza na nini kimebadilika, kwa nani, kwa kiasi gani (wangapi, kwa kina gani, kwa muda gani), mchango wenu ni upi, na kuna hatari gani mambo yasiwe mlivyodhani. Hilo la mchango ndo ule "mchango wa ziada" uliokusumbua. Maana yake ni kwamba bila nyinyi ingekuwaje. Kama familia ingepata kifaa kingine mahali pengine mwezi huohuo kwa bei hiyohiyo basi hamjabadilisha kitu hata kama mmetoa vifaa elfu. Kama ingekaa miaka bila kifaa, hapo hata watoto 40 ni jambo kubwa, kwa sababu mtoto anajifunza kuongea kwa kusikia na ile miaka ya mwanzo hairudi. Tena geuza swali hilohilo kwa mfuko wenyewe, na pesa yenu je, kuna mwingine angetupa kwa masharti haya? Wanatakiwa wawe na jibu.

Ila kabla sijaendelea nina swali moja nataka unijibu kwa ukweli: umewahi kurudi nyumbani kwa mtoto baada ya mwaka mmoja ukaona kile kifaa kiko wapi?

---

Sikivu_01

Umenigusa penyewe binti. Jana baada ya kusoma jibu lako nilichukua daftari la wateja wa mwaka jana, leo asubuhi tukatembelea familia tatu zilizo karibu.

Ya kwanza mtoto alikuwa amevaa, nikamwita kwa nyuma kwa sauti ya kawaida akageuka. Nilifurahi mpaka machozi. Ya pili wamehama. Ya tatu mama akafungua kabati akatoa kifaa kimefungwa vizuri kwenye kitambaa safi, amekitunza kama dhahabu, hakijavaliwa karibu miezi minane. Nikauliza kimeharibika? Akasema hapana, kinapiga filimbi. Nikamvalisha mtoto na kweli kikaanza kulia fiiii, na nikajua papohapo tatizo ni nini, kile kipande laini kinachoingia ndani ya tundu la sikio tulikitengeneza kwa umbo la sikio lake wakati ule, mtoto amekua sikio limekua, kipande hakimkai tena, sauti inavuja inarudi kwenye maikrofoni ndo inapiga filimbi. Wenzake darasani walikuwa wanamcheka kwa ile filimbi akakataa kuvaa.

Kubadilisha kile kipande kwetu ni kazi ndogo mno. Hatukuwahi kumwambia yule mama kwamba kitahitaji kubadilishwa. Kwenye hesabu zetu yule mtoto ni "kifaa 1 kimetolewa". Wakuu nimeumia sana.

---

binti_takwimu

Usiumie ukakata tamaa, hapo ndo umeanza kupima. Watu wanadhani kupima ni kwa ajili ya kumridhisha mwenye pesa, kumbe mtu wa kwanza kufaidika ni wewe, leo umejua kitu ambacho ripoti yenu ya miaka miwili haikuwahi kukwambia, na dawa yake umeshaijua.

Fanya hivi wala sio gharama. Chukua daftari lote, chagua familia 30 kwa kura, nasisitiza kwa kura, usichague zile zinazowapigia simu kushukuru. Wapigieni wote maswali yaleyale matatu: mtoto amevaa jana? alivaa kwa saa ngapi? kama hakuvaa ni kwa nini? Wasiopatikana waandikeni kama hawakupatikana, msiwafute kwenye hesabu. Kwa wateja wapya ulizeni siku ya kwanza KABLA ya kumvalisha mtoto, akiitwa kwa nyuma anageuka? anatamka maneno mangapi yanayoeleweka na mtu wa nje ya familia? Halafu rudieni baada ya miezi sita. Bila ile hali ya mwanzo huwezi kusema umbali mliotembea.

Na idadi ya vifaa msiitupe, muendelee kuihesabu. Ila kichwani mwa ripoti iwekeni hii: watoto wanaovaa kwa siku nzima mwaka mmoja baadaye. Itakuwa namba ndogo kuliko ile ya zamani, iandikeni hivyohivyo. Mwekezaji makini akiona namba ndogo ya kweli na sababu yake anawaamini zaidi, na akiikimbia afadhali akimbie sasa.

---

Mzee wa Mikataba

Wanangu mjadala mzuri. Mimi niongee na lile swali lake la mwisho ambalo naona mmelipita, nani atawalinda watoto wa bei ya chini.

Jibu fupi, karatasi. Nia njema ya mwekezaji wa leo haimfungi mnunuzi wa kesho. Niliwahi kuwaandikia mikataba vijana fulani waliokuwa na kampuni ya pampu za maji za wakulima wadogo, wakaingiza mwekezaji mwenye maneno matamu yote haya mnayoyasema hapa, na nadhani alikuwa anayaamini. Miaka sita mbele muda wake ukaisha akauza hisa zake, mnunuzi akafika akaangalia vitabu akaona wakulima wadogo wanachelewa kulipa na mashamba makubwa yanalipa kwa wakati. Hakuna aliyefanya uhalifu. Kikao kimoja, azimio moja, wakulima wadogo wakaondolewa kwenye orodha. Mimi ndiye niliyeandika ile katiba ya kampuni na hakukuwa na mstari hata mmoja unaozuia, nimelibeba hilo mpaka leo.

Huko ndo kupotoka kwenye lengo, na mara nyingi kunakuja polepole. Angalieni mikopo midogo. Compartamos ya Meksiko ilianza 1990 kama shirika lisilo la faida likikopesha wanawake maskini, 2007 ikauza hisa kwenye soko, wenye hisa wakavuna faida kubwa sana na riba kwa wakopaji ilikuwa juu mno, Yunus mwenyewe akajitokeza hadharani kulaani. Miaka mitatu baadaye India, SKS, kampuni nyingine ya mikopo midogo, nayo ikaingia sokoni na mwaka huohuo wa 2010 jimbo la Andhra Pradesh likatoa amri kali dhidi ya wakopeshaji wadogo baada ya wakopaji kuelemewa na madeni. Hakuna aliyeamka asubuhi akasema leo tuwaumize maskini. Ila pesa iliyoingia ilikuwa na haraka na kazi yenyewe inataka utaratibu.

Upande wa pili kuna Aravind, hospitali ya macho ya Madurai, India. Daktari Govindappa Venkataswamy aliianza 1976 na vitanda 11. Wanaolipa wanawabeba wasiolipa, mfano wenu kabisa huu, na 1992 wakafungua kiwanda chao Aurolab kutengeneza lenzi za kuweka ndani ya jicho kwa sababu za kuagiza zilikuwa ghali mno kwa mgonjwa wa kawaida. Waliongeza idadi ya macho yanayotibiwa bila kumfukuza maskini mlangoni, lakini ona pia umiliki, haukuwa wa wanahisa wanaosubiri kuuza.

Kwa hiyo mkuu kabla ya kusaini, haya yaingie kwenye katiba ya kampuni na makubaliano ya wanahisa, sio kwenye barua ya nia njema. Lengo la kampuni liandikwe kwa maneno yasiyo na utata, kwamba sehemu fulani ya vifaa kila mwaka iende kwa familia za bei ya chini. Kubadilisha kifungu hicho kuhitaji kura ya hisa moja maalum ambayo haina gawio, inashikwa na mtu au taasisi ya nje, mathalani chama cha wazazi wa watoto viziwi, na kazi yake ni moja tu, kusema hapana. Na siku mwekezaji akitaka kuuza, nyinyi muwe na haki ya kwanza ya kununua, na mnunuzi yeyote arithi masharti yote. Wale wa Patagonia, kampuni ya nguo kule Marekani, 2022 walifanya kitu cha jamii hiyo, hisa zote zenye kura wakaziweka kwenye amana ambayo kazi yake ni kulinda lengo.

Vyeti ni vizuri lakini havitoshi. Kuna cheti cha B Corp kinachotolewa na B Lab tangu miaka ya 2000, kinakagua kampuni inavyowatendea watu na mazingira na kukupa nidhamu, lakini ni cha hiari, Etsy, wale wa soko la mtandaoni, walikuwa nacho na 2017 wakakiacha. Kifungu kwenye katiba huwezi kukiacha kirahisi hivyo.

---

Nahodha77

Samahani wakuu mimi nasoma tu hizi mambo, sasa kwa nini asiende kwenye ile ya kulipwa kwa matokeo? Nimesoma kwenye gereza la Peterborough kule Uingereza 2010 wawekezaji walitoa pesa kuwasaidia wafungwa wa vifungo vifupi wasirudie makosa, serikali ikaahidi kulipa kama makosa yatapungua kwa asilimia 7.5, yakapungua 9, wakalipwa. Si ndo safi kabisa?

---

binti_takwimu

Nahodha ni wazo zuri na ule mfano ni wa kweli, ila angalia na upande mwingine, kwenye gereza la Rikers Island la New York 2012 walifanya kama hivyo kwa vijana walioko mahabusu, matokeo hayakuja, 2015 mradi ukafungwa. Goldman Sachs ndo walitoa mkopo na sehemu kubwa ya hasara ikabebwa na dhamana ya Bloomberg Philanthropies. Sisemi ni kushindwa, serikali haikulipia kitu ambacho hakikufanya kazi na hiyo ndo maana yake. Lakini kuandaa mkataba wa namna hiyo kunataka mlipaji mkubwa, mkaguzi huru, mawakili, na kipimo ambacho pande zote zinakiamini. Kampuni ya watu watatu ambayo leo ndo imegundua kuhusu filimbi, bado. Wapate kwanza takwimu za miaka miwili.

---

Hesabu_Safi

Naongezea kwa hapohapo, kilichoibeba ile Rikers ni ile dhamana ya mfadhili kubeba hasara ya kwanza, na hiyo ndo fedha mchanganyiko, yaani pesa ya msaada inapunguza hatari ili pesa ya uwekezaji iingie. Sikivu, kama yule mfadhili wenu wa mwanzo bado mna mawasiliano naye msimwombe ruzuku tena, mwombeni adhamini sehemu ya mkopo. Mkopeshaji akijua hasara ya mwanzo ina mtu wa kuibeba, riba inashuka na hisa anasahau.

---

Sikivu_01

Wakuu nimerudi, samahani kwa ukimya, tulikuwa kwenye simu na madaftari.

Tumepigia familia 30 kwa kura kama binti alivyosema. Waliopatikana 24. Waliovaa jana yake ni 13. Kati ya 11 waliobaki, filimbi ni 6, betri ziliisha hawakujua za kununua ni 4, mmoja kifaa kimepotea. Kuandika hiyo 13 kwenye barua ilikuwa ngumu lakini tumeiandika.

Mfuko nimewauliza ulianza lini, wako mwaka wa 7 kati ya 10. Nikamwambia yule dada wazi kwamba hisa hapana, tunaomba mkopo wa sehemu ya mauzo, na pesa ya kwanza tunataka kununua vifaa vya kutengenezea vile vipande vya sikio na kumwajiri mtu mmoja ambaye kazi yake ni kurudi kwa kila mtoto kila baada ya miezi sita. Akasema atapeleka kwenye kamati ila akaniambia hii barua ndo ya kwanza kutoka kwetu aliyoielewa. Mfadhili wa zamani kuhusu dhamana bado hajajibu.

Mzee, kile kifungu cha katiba tunakiweka hata kama hatuchukui pesa ya mtu, chama cha wazazi wamekubali kushika ile hisa moja. Wanauliza wakikataa jambo halafu kampuni ikaja kufilisika kwa sababu ya kukataa kwao, wao watadaiwa?

---

Mzee wa Mikataba

Kwa kanuni ya kampuni yenye dhima yenye kikomo mwanahisa hadaiwi zaidi ya thamani ya hisa yake aliyoahidi kulipia, kwa hiyo deni la kampuni haliwafuati nyumbani. Ila wasiingie kwenye bodi kama wakurugenzi, huko majukumu ni mengine kabisa. Washike hisa tu, na mambo ya kukataa yaorodheshwe kwa majina, yasizidi matatu: kubadilisha lengo, kuuza kampuni, kupunguza kile kiwango cha vifaa vya bei ya chini. Mengine yote muendeshe nyinyi. Nitumie rasimu kabla hamjasajili niipitie, sitakudai.

---

binti_takwimu

Na wale 10 wa filimbi na betri nyumba zao mnazijua. Msisubiri kamati, nendeni wiki hii.

---

Sikivu_01

Fundi ameshatoka tangu saa mbili asubuhi, kaanza na yule mama wa kabati.